Huduma ya dhamana Bongo: bango linasema bure, haya ndo niliyolipa

Watu wanaandika maoni ya mabasi, ya madalali, ya vibanda vya chipsi, ila sijawahi kuona mtu amekaa akaandika maoni ya huduma ya dhamana, wakati wateja wake ni wengi na kila siku wanaongezeka. Mi nimeitumia mwaka huu kama mdhamini, nikapita kaunta ya polisi, ofisi ya serikali ya mtaa na mahakama ya wilaya hapa hapa Dar, na kituo sikitaji wala mahakama siitaji kwa sababu kesi bado iko tarehe na dogo bado anaripoti. Halafu naongelea bara tu, Zanzibar wana sheria yao.

Mteja ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa anauza duka la vifaa vya ujenzi, bosi siku moja akasema bati na rangi za kama milioni moja na nusu hazionekani, hesabu ya stoo haijapigwa, madaftari hayajafunguliwa, dogo kachukuliwa Ijumaa jioni kwa wizi wa mtumishi. Kumbuka hiyo Ijumaa, wazoefu wote wa hizi mambo wanajua maana yake.

Tuanze na kaunta. Bango lipo, tena kubwa, limeandikwa kwamba dhamana ni haki yako na haina malipo, na chini kuna namba ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, 113. Afande wa zamu alikuwa muungwana, lazima niseme ukweli, nimempa shikamoo kapokea vizuri kabisa, hajafoka, hajanitisha. Tatizo ni kwamba hana analoweza kufanya. Faili analo mpelelezi, mpelelezi yupo nje kikazi, simu yake inaita haipokelewi, na bila mpelelezi hakuna anayetaka kusaini kitu. Yaani hapo kaunta kila mtu ni mpole na kila mtu hahusiki.

Sasa sheria yenyewe, ile ya mwenendo wa makosa ya jinai, ukiisoma utadhani inaongelea nchi nyingine. Mtu akishakamatwa muda wa kuhojiwa ni masaa manne, wakiongeza hayazidi mengine manane, na kwa kosa kama hili akikaa saa 24 bila kufikishwa mahakamani polisi wanatakiwa wamwachie kwa dhamana. Ndugu anatakiwa ajulishwe, wakili aitwe akitaka. Katiba ya 1977 nayo, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Mi nilimtajia afande hizo saa 24 kwa heshima zote, akanijibu "mzee wangu, hizo saa zinahesabika siku za kazi." Hakuna sehemu sheria inasema hivyo! Ila ameongea kwa upole hivyo na wewe unajikuta unaitikia.

Dogo kalala selo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Hapo katikati ndo nikaanza kujua bei. Kupitisha chakula, elfu mbili "ya maji". Kumwona dakika kadhaa dirishani, elfu tano. Jumamosi mpelelezi akapatikana, akasema inabidi wakaangalie eneo la tukio na gari halina mafuta, elfu ishirini. Kopi za fomu, elfu tatu, wakati steshenari ya nje ya geti ni mia. Hakuna hata mmoja aliyesema naomba rushwa, na hilo nawapa, wana lugha laini. Na ukiuliza risiti unaangaliwa kama umetukana. Sitaki kuwaonea pia, kuna kijana mmoja pale mwenye cheo kidogo alinirudishia hela yangu ya kopi akasema mzee usitoe hiyo, nilishangaa. Lakini mtu mmoja mwema kwenye zamu sio mfumo, zamu yake ikiisha unabaki na hao wengine.

Jumatatu asubuhi nikajua tunatoka kituoni hapo hapo, maana kosa lina dhamana ya polisi. Wapi. Mlalamikaji, yule bosi, alishasema hataki dogo atoke mpaka alipe. Hapa naomba tuelewane, mlalamikaji hana sauti yoyote ya kisheria kwenye dhamana, hana hata moja, ila kwa vitendo ndo anayeshika ufunguo. Kituo kinageuka ofisi ya kudai madeni, unaambiwa "kaeni mkubaliane" na wakati mnakubaliana mtu wenu yuko ndani, sasa hayo makubaliano gani. Nimekutana na mama mmoja pale kwenye benchi amekuja na laki tatu kwenye kanga, mwanae anadaiwa na jirani, deni la kawaida kabisa la kukopeshana, limegeuzwa "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu" na mtoto amelala ndani. Kalipa, mtoto katoka, hamna kesi hamna faili. Watu wanaita kubambikiwa, mi naona hata neno hilo ni dogo.

Kituo nakipa nyota moja na nusu, hiyo nusu ni ya yule kijana.

Haya, twende kwenye sehemu iliyonichosha kuliko zote, ambayo watu wakiongelea mageuzi ya haki jinai hawaigusi kabisa: mdhamini.

Ukisikia dhamana ni bure unadhani kinachotakiwa ni wewe kusimama na kusema huyu namjua nitamleta. Kumbe kuna barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kitambulisho cha taifa cha NIDA, picha za pasipoti, wakati mwingine kopi ya leseni ya makazi au hati, wakati mwingine barua ya mwajiri. Barua ya mtaa peke yake ni safari. Kwanza mjumbe aandike kikaratasi, mjumbe ni mama lishe kwa hiyo unamsubiri amalize wateja wa mchana, halafu ofisi ya mtaa, mwenyekiti yuko kwenye mkutano, mtendaji yupo ila mhuri uko kwa mwenyekiti. Elfu tano ya ofisi bila risiti, mtaa wa pili ambako mdhamini mwenzangu anakaa ni elfu kumi, bei kila mtaa na yake. Na mimi naishi nyumba ya kupanga, nimekaa pale miaka, najulikana. Fikiria dogo aliyekuja juzi kutoka Singida kutafuta maisha, amepanga chumba na wenzake, mjumbe hamjui, ndugu zake wote wako kijijini, NIDA yenyewe ana namba tu hana kadi. Huyo nani atamwandikia barua?

Polisi hawakumtoa, akapelekwa mahakamani, na huko ndo nikaona picha yote vizuri. Dogo alisomewa shitaka, akakana, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika na anaomba tarehe nyingine. Mi nikashtuka kidogo kwa sababu sheria ilibadilishwa 2022, mashtaka ya makosa ya kawaida hayatakiwi kupelekwa mahakamani kabla upelelezi haujaisha, isipokuwa yale makosa makubwa. Hakuna aliyeshtuka zaidi yangu. Hiyo sentensi ya upelelezi haujakamilika nadhani inatoka yenyewe mdomoni kwa mazoea.

Hakimu, mama mmoja mtulivu sana, akasema dhamana iko wazi. Wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya milioni mbili, yaani ahadi ya kulipa hiyo hela dogo akikimbia, wawe na barua za utambulisho na vitambulisho, na mmoja kati yao awe mtumishi wa umma au wa taasisi inayotambulika.

Hapo kwenye mtumishi wa umma nusu ya watu waliokuwa kwenye lile benchi wameishia. Si utani. Kulikuwa na washtakiwa kadhaa asubuhi ile, kesi ndogo ndogo, simu, kuku, ugomvi wa baa, wote dhamana iko wazi, na wengi wao saa kumi jioni walipanda karandinga kwenda rumande kwa sababu familia nzima hakuna mwalimu wala nesi. Kwenye takwimu hao wanahesabika kama watu ambao dhamana walipewa, wameshindwa wao kutimiza masharti.

Sisi tulikuwa na bahati, shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliomba ruhusa, akaja na barua ya mwalimu mkuu na salari slipu yake ya mwezi uliopita. Tukaitwa mmoja mmoja kuhojiwa, na kwa kweli ilikuwa kama tumeenda kuposa: unakaa wapi, umezaliwa wapi, unafanya kazi gani, unamiliki nini, nani anakufahamu. Maswali yote ya ukoo. Hakuna hata swali moja kuhusu dogo mwenyewe, kwamba huyu kijana ana historia ya kukimbia, ana mke na mtoto hapa, anafanya kazi gani, tarehe atakuja au hatakuja. Na mi nilidhani dhamana lengo lake ni hilo tu, mtu arudi tarehe yake. Badala yake wanapima una jamaa gani. Aliyeiba milioni mia na mjomba wake ni mkurugenzi anatoka saa sita mchana, aliyesingiziwa mfuko wa simenti na hana mtu anakula ugali wa jela mwezi wa tatu huu.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui na mi nilikijua baadaye: sheria inaruhusu mtu aachiwe kwa bondi akiwa na wadhamini au bila wadhamini. Soma tena hapo. Unaweza kujidhamini mwenyewe. Ipo kwa polisi, ipo mahakamani, sio ofa ya sikukuu. Na kama masharti ni mazito unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba yapunguzwe. Ila mtu asiye na wakili atajuaje, na karani hawezi kukwambia, na mshtakiwa akiwa kizimbani anaogopa hata kumeza mate, ataanzaje kumwambia mheshimiwa naomba nijidhamini.

Wenzetu Kenya kwenye hili wametupita kidogo, Katiba yao ya 2010 Ibara ya 49 inasema mtu ana haki ya bondi mpaka kuwe na sababu nzito ya kumnyima, hata kesi ya mauaji jaji anaweza kumpa, na maafisa wao wa probesheni wanaandika ripoti ya mshtakiwa mwenyewe, anaishi na nani, anafanya nini, hatari ya kutoroka ikoje. Sisemi Kenya ni peponi, kule rumande nako kumejaa na bondi za pesa taslimu zinawaumiza masikini vile vile, ila angalau kuna mtu anayelipwa kuuliza swali lenyewe.

Mahakama kama mahakama niipe haki yake. Imebadilika, mtu aliyeingia mahakamani miaka kumi na tano iliyopita akirudi leo atapotea. Kesi zinasajiliwa kwenye mfumo wa mtandao, hakimu anaandika kwenye kompyuta badala ya ule mwandiko wa kalamu ambao nakala yake ulikuwa unaisubiri mpaka unasahau kesi ilikuwa ya nini. Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani unazisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII, mi mambo mengi ya humu nimeyasoma huko usiku kwenye simu. Kuna mahakama zinazotembea kwenye gari tangu 2019, kuna vile Vituo Jumuishi, mahakama za ngazi tofauti kwenye jengo moja. Na lugha, jamani, lugha! 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, baada ya ile Februari Mosi kule Dodoma ambapo Magufuli alimpandisha Jaji Galeba kwenda Rufani kwa sababu aliandika hukumu kwa Kiswahili. Mi nilikuwa nadhani ni mambo ya siasa. Kumbe ukiwa na ndugu kizimbani na ukaelewa kila neno linalosemwa ni tofauti kubwa sana, mama mdogo alikuwa analia ila alikuwa anajua analia kwa sababu gani. Mahakama nyota tatu na nusu, zingekuwa nne kama ule uhakiki wa wadhamini usingeanza saa nane mchana na karani mmoja na foleni yote ile, tumesaini mwisho kabisa na karandinga tayari linaunguruma nje.

Nje ya geti la mahakama sasa, hapo jihadhari. Kuna jamaa wamevaa suti nyeusi iliyopauka, bahasha mkononi, wanajiita mawakili. Vishoka hao. Mmoja aliniambia anamjua hakimu na laki mbili inamaliza kila kitu, nikamuuliza namba yake ya uwakili akakumbuka ana simu ya kupiga. Hao wanaishi kwa sababu mawakili wa kweli wengi wanaanzia bei ambayo muuza duka hawezi, kesi ya wizi wa bati unatajiwa laki nane, milioni, halafu nauli ya kila tarehe.

Msaada wa kisheria upo, na hapa naomba nisifie na kulalamika kwa pamoja. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, wale wa kwenye kata, na inagusa mpaka watu walioko vizuizini. Kuna mashirika ya siku nyingi kama LHRC la haki za binadamu na TAWLA la wanasheria wanawake. Tangu Aprili 2023 kuna Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, mahema yanafungwa uwanjani, mawakili wanakaa, bibi anakuja na mgogoro wake wa shamba wa miaka ishirini anasikilizwa bure. Nimeiona kwa macho, ni kitu kizuri. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu, dada mmoja tu na pikipiki yake, ndo aliyeniandikia barua ya kumwomba mkuu wa kituo dhamana, na baadaye akanionyesha kifungu cha kujidhamini, bila kuchukua hata shilingi. Yeye nyota tano, na ningempa ya sita.

Ila sheria haimruhusu kusimama mahakamani kumtetea mtu, anaishia kukuelekeza. Na yale mahema yanafungwa uwanjani mchana, watu wa ardhi, mirathi na ndoa ndo wengi, wakati mwenye shida ya jinai yuko selo usiku wa Ijumaa, hawezi kuja uwanjani! Wakili wa kulipwa na serikali unampata kwa uhakika ukishtakiwa mauaji, ndo utaratibu wa tangu 1969 huo, lakini mwenye kesi ya kuku anajitetea mwenyewe. Wangeweka mtu mmoja tu, hata wakili kijana anayejifunza kazi, kwenye kila kituo kikubwa cha polisi kuanzia Ijumaa saa kumi mpaka Jumatatu asubuhi, mi naamini nusu ya huu usumbufu ningekuwa siandiki.

Mpaka hapa naongelea makosa yenye dhamana. Kuna kaunta nyingine ambayo huduma haipo kabisa.

Kile kifungu tulichokizoea kwa namba 148(5) kinataja makosa ambayo ukishtakiwa tu hutoki mpaka kesi iishe: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, dawa za kulevya na mengine. Ukishtakiwa, sio ukithibitishwa. Kwa hiyo anayeamua utakaa ndani ni anayeandika hati ya mashtaka, hakimu mikono yake imefungwa, anachoweza ni kupiga kalenda tu kila baada ya siku 14. Ndo maana kwenye miaka ile ya katikati ya 2016 na 2020 ghafla kila kesi ya hela ilikuwa na utakatishaji ndani yake, ukiongeza hilo shitaka moja mtu amefungwa bila hukumu. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, kwenye mashtaka yake utakatishaji ukawemo, akakaa mpaka Februari 2020 alipotoka kwa makubaliano na DPP, yule mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, na mama yake alifariki yeye akiwa ndani, kwenye mazishi hakwenda. Masheikh wa Uamsho, kile kikundi cha Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi 2014, mashtaka yakafutwa Juni 2021. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Hawakukutwa na hatia, hawakufidiwa, faili limefungwa tu nendeni nyumbani.

Na haya makubaliano ya kukiri, yaliyoingizwa kwenye sheria 2019, kwenye karatasi ni mazuri, yanapunguza kesi. Ila ukiyaweka pembeni ya kosa lisilo na dhamana yanakuwa kitu kingine. Mtu amekaa rumande mwaka mzima, biashara imekufa, anaambiwa kiri ulipe uende kwa watoto wako au kataa usubiri upelelezi ukamilike. Wewe ungefanyaje? Mi ningekiri hata kuua mtu anayeishi.

Mahakama zimeshajaribu. 1991 kwenye kesi ya Daudi Pete Mahakama ya Rufani ilifuta kipande kimojawapo cha kifungu hicho. Baadaye kesi ya Mtobesya ikaondoa ile nguvu ya DPP kuandika hati tu ya kuzuia dhamana na mahakama ikanyamaza. Halafu Mei 2020 Mahakama Kuu kwenye kesi ya Sanga ikasema 148(5) yote inakwenda kinyume na Katiba, mtaani watu wakashangilia, Agosti mwaka ule ule Rufani ikaipindua hukumu, kifungu kikarudi palepale. Hatukufaidi hata miezi mitatu. Kwa hiyo mpira uko Bungeni, na Bunge ndo hilo tunalolijua.

Tume ya Haki Jinai nayo tusiisahau. Rais Samia aliiunda, Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman akaiongoza, ilianza Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai 2023. Ilisema mambo mazito kuhusu ukamataji, upelelezi na jeshi la polisi kwa ujumla, ikapendekeza kiundwe chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea. Mi sina ugomvi na chombo kipya, ila najiuliza kama kitafika kwenye ile kaunta yetu ya Ijumaa jioni, maana huku kwetu shida ni faili lililofungiwa kwenye droo ya mtu aliyezima simu. Na wakuu wa wilaya na mikoa bado wana ile sheria ya 1997 ya kuamuru mtu awekwe ndani mpaka saa 48, wengine wanaitumia kwa mtu aliyewajibu vibaya kwenye mkutano wa hadhara.

Jela zenyewe tunaambiwa zimejaa, na kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo ni mahabusu, hawajahukumiwa. Magufuli aliingia gereza la Butimba, Mwanza, Julai 2019 akawasikiliza, wakaachiwa mamia kwenye magereza mbalimbali baada ya pale, ikawa habari kubwa. Mi niliifurahia siku ile. Sasa hivi nikifikiria naona ajabu, kumbe ilichukua rais kuingia ndani ya geti ndo mafaili yafunguliwe, na hao mamia kabla ya siku ile walikuwa wanasubiri nini?

Turudi kwa dogo. Alitoka, kazi hana, bosi kaajiri mwingine. Tarehe imeahirishwa, upelelezi bado, stoo mpaka leo haijahesabiwa. Gharama nilizolipa mimi na shemeji, ukijumlisha za kituo, barua za mitaa, nauli, picha na siku za shemeji kukosa kipindi, zimepita laki na nusu, na hiyo ni kwa huduma ya bure, na bila kutoa hata shilingi moja kwa kishoka. Kuna watu wanalipa mara nne ya hapo.

Kama litakukuta, na Mungu apishie mbali, haya ndo nayojua. Pata jina la mpelelezi na namba ya jalada mapema, ukiwa hapo kaunta, iandike. Muda wa kukamatwa uandike pia mbele yao, wanaona. Omba dhamana kwa barua, kopi moja igongwe mhuri ubaki nayo, maneno matupu yanasahaulika zamu ikibadilika. Wakikuambia kaeni mkubaliane na mlalamikaji, mwambie tutakubaliana akiwa nje. Uliza kujidhamini mwenyewe, wakikataa waombe waandike kwanini. Barua ya mtaa chukua sasa hivi ukiwa huna shida, wewe na jirani yako, maana ikifika Jumamosi mwenyekiti yuko kwenye harusi. Mtumishi wa umma kwenye ukoo mjue ni nani na uwe naye vizuri. Msaidizi wa kisheria wa kata yako ulizia ofisi ya mtendaji, wengi wanakaa karibu na hawalipwi kitu, usimpigie usiku wa manane ila ukimpigia usiku wa manane atapokea. Na ukiombwa hela ya mafuta, 113 ni bure kupiga, mi sikupiga kwa sababu dogo alikuwa bado ndani, ila nimeihifadhi kwenye simu.